MAMBO YA NYUMBANI: Matofali ya Kuchoma kwa Mtu Ajengaye Akiwa Mbali



Mwezi uliopita tuliletewa barua na mwalimu mmoja, mwenyeji wa Mabatini katika mji wa Mwanza, ambaye sasa afanya kazi Muscat. Asema amekwisha kuweka akiba ya kumjengea mama yake nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja cha marehemu baba yake, huko mlimani, katikati ya mawe. Mama hataki matofali ya saruji. Ataka matofali mekundu ya kuchoma, yaliyofyatuliwa kwa mkono, kama yale ya shule aliyosoma ujanani mwake. Basi mwalimu auliza: nitajuaje kwamba matofali ninayonunuliwa ni mema, nami niko ng'ambo ya bahari, wala sioni kitu ila picha katika simu?

Swali hili nitalijibu kwa urefu, kwa maana mimi mwenyewe liliwahi kunishinda.

Nalikuwa Kampala tangu mwaka 2009, nikifundisha. Mama yetu alikuwa akikaa Mabatini katika nyumba ya miti na udongo iliyokwisha kuzeeka, nami nikaazimu kumjengea vyumba viwili vya kuanzia. Mdogo wangu alikuwako nyumbani, kijana mtiifu. Lakini kazi yake ilikuwa kuuza samaki Mwaloni, Kirumba, wala hakupata kufundishwa uashi. Mwezi wa Machi mwaka 2011 nalimpelekea fedha kwa simu, nikamwambia anunue matofali 3,000 upesi, kabla bei haijapanda. Kila jioni nalimpigia simu: yamefika mangapi? Akajibu 800, akajibu 1,500, mwisho akajibu yote. Akaniletea na picha ya chungu la matofali mekundu yaliyopangwa vizuri. Nalifurahi sana, nikawaonyesha walimu wenzangu.

Nyumba ikasimama. Kwa nje haikupigwa lipu, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha. Masika ya mwaka 2012, usiku mmoja, ukuta wa upande wa mlima ukaanguka. Maji yalikuwa yakiteremka kutoka majabalini na kuulowesha kwa chini siku nyingi. Mama hakuumia, nayo ni kwa sababu ndogo tu: bati lilikuwa likivuja juu ya kitanda chake, naye jioni ile alikuwa amekisogeza upande wa pili wa chumba. Matofali yaliangukia mahali kilipokuwa kitanda kila siku.

Nikapanda basi. Kutoka Mutukula hata Bukoba, na kutoka Bukoba hata kivuko cha Busisi (daraja la Kigongo na Busisi halikuwapo wakati ule, lilifunguliwa mwaka 2025), nalikuwa nikitunga maneno ya kumwambia mdogo wangu, kwani nalisadiki moyoni kwamba amekula fedha na kununua takataka. Nikayasema yote mbele ya mama na mbele ya majirani. Yeye alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Kaka, katika simu zako zote uliniuliza matofali ni mangapi, hata siku moja hukuniuliza ni ya namna gani." Akaingia ndani akatoa daftari, na kila shilingi ilikuwa imeandikwa. Nikaokota tofali moja la ule ukuta, nikalivunja kwa mikono bila nyundo. Kwa nje lilikuwa na wekundu mwembamba kama ganda la kitunguu, na ndani lilikuwa la kijivu, udongo mtupu.

Nalimwomba radhi siku ileile, lakini si mbele ya wale majirani, nami hata leo naona nalipunjia. Baada ya hayo twalikwenda pamoja, yeye na mimi, siku nyingi katika matanuru ya nje ya mji, upande wa Misungwi na upande wa Magu, tukakutana na mzee mmoja mfyatuaji ambaye hakuona haya kutuonyesha kazi yake tangu mwanzo hata mwisho. Mengi ya haya niyaandikayo yametoka kwake.

Kwanza udongo. Mabatini kwenyewe mtu hapati udongo wa kufyatulia. Mlima wetu ni mawe, na mawe hayo yafaa sana kwa msingi, wala mjenzi asiyaache akatafuta kingine. Udongo watoka mabondeni. Tena katika habari za udongo Msukuma hana haja ya kufundishwa na mgeni, maana babu zetu waliupa kila udongo jina lake. Luseni ni udongo wa kichanga wa juu. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Mbuga tupu haifai, kwa kuwa tofali lake hupasuka likikauka. Luseni nao haushikamani, na tofali lake humomonyoka pembe. Mfyatuaji mwema huchanganya, akajaribu, akachanganya tena. Udongo wa kichuguu wapendwa sana, kwa maana mchwa wamekwisha kuuchambua na kuukanda.

Wasomaji wa kitabu cha Kutoka watauliza juu ya majani yaliyotiwa katika matofali ya Misri. Yale yalikuwa matofali ya kukaushwa kwa jua, na majani huyazuia yasipasuke. Katika tofali la kuchoma majani huungua na kuacha matundu, basi mtu asidanganywe na fundi ajisifuye kwamba ametia majani mengi.

Udongo huloweshwa, ukalala, ukakanyagwa kwa miguu mpaka usiwe na bonge wala jiwe. Jiwe dogo la chokaa ndani ya tofali ni adui aliyejificha: moto huligeuza, na siku litakapopata maji litavimba na kubandua uso wa tofali. Ndipo hufyatuliwa katika kalibu ya mbao, na matofali mabichi huanikwa chini ya majani makavu, si juani waziwazi, yakageuzwa ubavu baada ya siku mbili tatu. Kukauka kwataka majuma mawili, au zaidi kama hewa ni ya unyevu. Hapa ndipo kosa langu la mwezi wa Machi lilipokaa. Kwetu Ziwani mvua za masika huanza karibu na mwezi huo, na zile za vuli huja tangu Oktoba. Wakati wa kufyatua ni kiangazi, Juni hata Septemba. Mimi nalidai matofali 3,000 upesi wakati mbingu imekwisha kufunga mawingu. Yule muuzaji akayatia tanuruni mabichi, akayapa moto mfupi, akayauza. Alinidhulumu, sikatai, lakini mlango nalimfungulia mimi.

Sasa moto. Matofali hupangwa yakawa tanuru lenyewe, yakiachwa matundu ya kutilia kuni chini na nafasi za kidole kati ya tofali na tofali, kisha tanuru zima hukandikwa udongo kwa nje. Moto wa kwanza huwa mdogo, wa kufukuza maji; wakati huo moshi hutoka mweupe kama mvuke wa chungu. Mvuke ukiisha, ndipo moto mkubwa hutiwa, usiku na mchana, siku kadhaa, mpaka ndani paive kwa joto la karibu digrii 900 hata 1,000. Kisha midomo ya tanuru huzibwa, likaachwa lipoe lenyewe muda wa juma zima. Afunguaye mapema kwa kutamani fedha hupasua matofali yake kwa hewa baridi.

Hata katika tanuru lililochomwa vizuri matofali hayawi sawa. Yaliyo karibu na moto huiva kupita kiasi, yakapinda na kuwa meusi. Hayo ni magumu, yafaa chini ya ukuta au katika njia ya maji. Ya katikati ndiyo mazuri. Ya nje kabisa, yaliyoguswa na ule udongo wa kukandika, huwa ya rangi ya chungwa au ya manjano, laini. Muuzaji mwaminifu huyatenga akayarudisha katika tanuru lijalo. Asiye mwaminifu huyachanganya, tena huyaweka katikati ya chungu, na yale mekundu akayapanga nje. Picha ya chungu haionyeshi kitu ila ngozi ya chungu.

Kwa hiyo, mwalimu wetu wa Muscat, usiombe picha ya chungu. Mwambie ndugu yako aingize mkono mahali tofauti, juu, katikati na chini, atoe matofali kumi, asichaguliwe na muuzaji hata moja. Kisha afanye haya mbele ya simu, nawe ukitazama na kusikiliza.

Ayagonganishe mawili. Tofali lililoiva hulia kwa sauti kali, karibu na chuma. Lisiloiva hutoa sauti butu kama mbao iliyooza. Sauti hii hufika hata Muscat. Achore uso wa tofali kwa msumari: likichimbika kama sabuni, haliko tayari. Aliangushe moja kutoka usawa wa kifua juu ya ardhi ngumu, lisivunjike. Kisha alivunje moja kwa nyundo makusudi, akuonyeshe ndani. Rangi iwe moja toka ukingo hata kitovu. Ukiona moyo mweusi au wa kijivu, acha. Hayo ndiyo yaliyouangusha ukuta wa mama yangu.

Jaribio kubwa kuliko yote lataka ndoo na mizani ya duka tu. Matofali mawili yaliyo makavu yapimwe, yalazwe katika maji usiku kucha, yafutwe, yapimwe tena. Tofali la kilo 3 likirudi na zaidi ya gramu 600 za maji, yaani limekunywa zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, halifai kwa ukuta utakaonyeshewa. Nayo maji ya ndoo yatazamwe asubuhi. Yakiwa matope, tofali limeanza kurudi kuwa udongo. Likikauka na kutoa unga mweupe juu yake, ni chumvi ya udongo, na lipu haitakaa. Muuzaji asiyekubali matofali yake yalale katika ndoo usiku mmoja amekwisha kujibu swali lako.

Uliza pia amechomea nini. Huko Kampala nalionyeshwa matanuru yanayochomwa kwa maganda ya kahawa, na mahali penye mpunga hutumika pumba zake, ambazo pengine huonekana zimetupwa kama taka. Moto wa pumba ni wa polepole, nao hukaa sana. Kuni zaweza kutumika, lakini tanuru moja lameza miti mingi, na nchi ya Usukuma yajua maana ya kukosa miti: kule Shinyanga mwaka 1986 ilibidi kuanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi, na watu wakarudia desturi ya ngitili, kuzuia malisho ili miti iote. Mimi nikipata matofali mawili yaliyo sawa, moja la pumba na moja la kuni, nachukua la pumba.

Mtu asidhani kwamba tofali jema peke yake latosha. Pale Namirembe, Kampala, kanisa kuu lilijengwa kwa matofali kati ya mwaka 1901 na 1904, likaezekwa kwa majani; mwaka 1910 radi ikalipiga likaungua. Waliojenga tena walimaliza mwaka 1919, kwa matofali vilevile, lakini juu wakaweka vigae. Nami nyumbani nalipeleka fikira zote kwenye idadi ya matofali, nikasahau mfereji wa kuyapitisha mbali maji ya mlimani. Kwa nyumba ya Mabatini mfereji huo ni wa kwanza, na msingi wa mawe upande juu ya ardhi kiasi cha goti kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Hesabu yake ni hii. Tofali la urefu wa sentimita 23, upana 11 na kimo 7.5, likilazwa kwa urefu pamoja na udongo wa saruji wa sentimita moja na nusu, huingia matofali 45 hivi katika mita moja ya mraba ya ukuta. Nyumba yenye kuta za urefu wa mita 40 kwa jumla na kimo cha mita 2.7 ina mita za mraba 108; toa 12 za milango na madirisha, zabaki 96. Mara 45 ni matofali 4,320. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yatakayovunjika, na kiasi kidogo juu yake, uagize 4,800. Ukitaka ukuta mnene, tofali likilazwa kukingama, hesabu huwa maradufu. Lakini kwanza uulize kipimo cha tofali lenyewe, na kipimo hicho kiwe cha tofali lililochomwa, si cha kalibu, kwa maana udongo hunywea ukikauka na ukiungua. Kalibu za mafundi wawili hazilingani. Ukinunua nusu hapa na nusu kule, kozi hazitakutana pembeni, na mwashi atajaza tofauti kwa saruji yako.

Juu ya bei, neno moja. Bei ya tanuruni na bei ya kiwanjani si moja. Gari litafika barabarani chini, na kutoka hapo matofali hupanda mlima juu ya vichwa na mabega ya vijana, kwa vijia ambavyo mkokoteni haupiti. Kila tofali hushikwa mara tatu au nne kabla ya kufika. Yaliyo laini huvunjika njiani, nayo ni hasara ya nani? Kama hukuandika mapatano, ni yako. Basi andika: matofali yatahesabiwa kiwanjani, si tanuruni, yaliyovunjika ni ya muuzaji, kipimo ni hiki, yatakayoshindwa katika ndoo yatarudishwa. Fedha zigawiwe mara tatu, sehemu ya kwanza tanuru likiwashwa, ya pili nusu ya matofali ikifika na kupimwa, ya tatu mwisho. Mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, si mtu wa jamaa ya muuzaji wala wa jamaa yako. Na wahesabuji wavute matofali ya katikati ya chungu, kwani niliona kwa macho yangu chungu lililopangwa tupu ndani kama kisima.

Lililo zito zaidi, mwalimu, ni huyo ndugu utakayempa kazi hii. Hujatuandikia ni nani. Kama ni mdogo wako, mpe na malipo yake, yaandikwe katika hesabu kama ya fundi mwingine, maana siku za kwenda matanuruni ni siku asizouza wala kulima. Umweleze majaribio haya kabla fedha hazijatoka, wala usimharakishe. Na siku jambo likiharibika, msikilize kwanza, mkiwa wawili tu.

Ukuta wa mama tuliuinua tena mwezi wa Agosti mwaka 2012, mimi nikiwa nimekwisha kurudi Kampala. Mdogo wangu alikataa matanuru mawili. La tatu akalikubali, baada ya matofali kulala ndooni na yeye kunipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniambia kwamba maji ni maangavu. Sasa watu wa mtaa wakitaka kujenga humwita kwanza akagonge matofali, naye huenda, samaki wakisubiri. Yale laini yaliyobaki mama aliyaponda akayamwaga katika njia ya kupandia mlangoni, ambako hushika vizuri wakati wa matope.

Mwalimu na atuandikie kiangazi hiki kama amepata tanuru. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu barua mbili juu ya lipu ya chokaa, na moja juu ya nyoka katika dari.